Matembezi ya mizimu usiku Edinburgh: njia zipi, uvae nini, na kipi ni historia kipi ni chumvi

Mpiga Miguu (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali kuhusu matembezi ya mizimu ya Edinburgh, Uskoti, yanajirudia kila msimu na majibu yametawanyika. Tuyakusanye hapa. Wanaoujua mji waongeze, wanaopanga safari waulize.

Naanza na msimamo wangu: Edinburgh haihitaji kutiwa chumvi. Yaliyotokea pale, tena yenye kumbukumbu za maandishi, ni mazito kuliko hadithi nyingi za kubuni zinazouzwa usiku. Ukijua umesimama juu ya nini, nywele zitakusisimka bila mtu kukurukia kutoka nyuma ya mlango.

Umbo la mji kwanza, maana ndilo linaloamua mengine yote. Old Town, yaani mji mkongwe, imekaa juu ya mgongo wa mwamba unaoteremka kutoka ngome upande wa magharibi hadi kasri la Holyrood mashariki. Barabara ya mgongoni ndiyo Royal Mile, na kutoka pande zake mbili vinashuka vichochoro vyembamba vyenye ngazi. Mwaka 1753 walianza kujenga Royal Exchange, ambayo leo ni City Chambers, juu ya baadhi ya vichochoro hivyo. Nyumba zilizokuwepo zilikatwa sehemu za juu, za chini zikaachwa ziwe msingi. Hapo ndipo penye kichochoro cha Mary King's Close. Mwaka 1785 wakaanza South Bridge, daraja la matao 19 lenye urefu wa zaidi ya mita 300, likafunguliwa 1788. Majengo yalibanana pande zake zote mbili hadi leo linaonekana tao moja tu, lile linalovuka mtaa wa Cowgate. Ndani ya matao mengine yaliyofichika wakagawa vyumba.

Kwa hiyo "chini ya ardhi" ya Edinburgh si mapango wala mahandaki. Ni nyumba na matao yaliyofunikwa na mji uliopanda juu yake.

Matembezi ni ya aina tatu: ya mitaani na vichochoroni, ya vyumba vya chini, na ya makaburini, hasa ya kanisa la Greyfriars. Mengine yanachanganya mawili. Soma maelezo ya tiketi hadi mwisho, kwa sababu neno "mizimu" kwenye tangazo halikuambii kama utaingia chini au utabaki juu.

---

Kurunzi

Kabla ya tiketi, angalia jua linazama saa ngapi. Wengi wanateleza hapa. Edinburgh iko kaskazini, karibu nyuzi 56. Katikati ya Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na hata likishazama mbingu hazigeuki nyeusi kabisa. Ukikata tiketi ya saa mbili usiku mwezi Juni utatembezwa kweupe, watu wanakula nje mikahawani, na mwongozaji anajitahidi kukusimulia wachawi huku jua linakupiga usoni. Desemba ni kinyume: jua linazama karibu saa tisa na dakika 40 alasiri, kwa hiyo hata matembezi ya saa kumi na mbili jioni ni ya giza totoro.

Kanuni yangu: Mei hadi Julai chagua ya chini ya ardhi, huko giza halitegemei jua. Ya makaburini na vichochoroni yafanye Oktoba hadi Machi.

Agosti ni mwezi wa matamasha. Fringe inajaza Royal Mile, na onyesho la kijeshi la Tattoo pale mbele ya ngome linamaliza kwa fataki. Sauti ya mwongozaji inamezwa. Wiki ya mwisho ya Oktoba nayo tiketi za usiku zinakwisha mapema kwa sababu ya Halloween. Anayetaka utulivu aende Novemba au Januari, siku za katikati ya wiki.

Na tafadhali, tiketi ikiandikwa 21:00 ni saa tatu usiku. Watu wanafika saa nzima baadaye na kundi limeshaondoka. Walio chini ya ardhi hawawezi kurudi kukufungulia.

---

Mama Ramani

Niongezee miguu na nguo.

Viatu: soli ya mpira yenye meno, iliyofungwa kamba. Royal Mile imetandikwa mawe, na mawe yale yakilowa yanateleza hasa kwenye mteremko. Ngazi za vichochoro hazilingani kimo. Moja fupi, inayofuata ndefu, na katikati zimelika kwa nyayo za karne nyingi. Shuka kwa kukaa upande wa ukuta, si katikati. Viatu vya visigino usithubutu.

Nguo: koti la mvua lenye kofia. Mwavuli uache, kwa sababu upepo wa pale unaugeuza ndani nje, na kichochoroni mwavuli mmoja unamziba kila aliye nyuma yako. Vaa tabaka mbili hata kiangazi. Kinachokuchosha ni kusimama, kutembea ni kidogo tu. Katika saa moja na nusu utasimama dakika tano hapa, kumi pale, juu ya jiwe baridi. Soksi nzito zinasaidia kuliko sweta la pili.

South Bridge ndani ni unyevunyevu na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Daraja halikuzibwa vizuri dhidi ya maji, mvua ikapenya hadi vyumbani, na wafanyabiashara waliokuwa wamepanga humo, mafundi viatu, wenye vilabu vya pombe, wenye maghala, wakahama. Wakaingia maskini wasio na pa kwenda, bila dirisha, bila maji, bila njia ya moshi kutoka. Mwongozaji akikusimamisha kwenye chumba cha namna hiyo, usikimbilie kuuliza mzimu uko wapi. Hesabu watu mliosimama humo, kisha fikiria familia ngapi zililala hapo.

---

Mwanafunzi wa Giza

Mwenye hofu ya sehemu finyu afanyeje? Na mtoto wa miaka saba je?

---

Mama Ramani

Mwanafunzi, vyumba vingi vya South Bridge vina dari la tao na si vya kutambaa, unasimama wima. Kinachowashinda watu ni giza na kukosa dirisha. Mwambie mwongozaji kabla hamjaingia, si mkiwa katikati. Simama karibu na mlango wa chumba, upande mtakaotokea. Akijua, anaweza kukutoa bila kuvunja msafara. Ukinyamaza hadi pumzi zikubane, kundi zima linasimama.

Mtoto: soma umri ulioandikwa kwenye tiketi husika, kila kampuni ina wake, na ya usiku sana huwa na umri mkubwa zaidi. Kwa miaka saba tafuta matembezi ya mchana ya sehemu zilezile. Kosa ni kudhani giza peke yake ndilo tatizo. Kuna wanaosimulia mateso na kunyonga kwa undani, na hilo ndilo litakalomnyima mtoto usingizi.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu: vyumba vya chini na Mary King's Close vina ngazi na sakafu ya mabonde. Uliza kabla ya kulipa ni sehemu zipi hasa anaweza kufika.

---

Mlinzi wa Lango

Mimi nizungumzie Greyfriars, maana hapo ndipo uongo mwingi unapopikwa.

Eneo lilitolewa kuwa makaburi mwaka 1562, enzi za Malkia Mary wa Uskoti. Mwaka 1638 ndani ya kanisa lile ulitiwa saini Mkataba wa Kitaifa, National Covenant, wa kupinga mfalme kuingilia kanisa lao. Walioushikilia wakaitwa Covenanters. Waliposhindwa vitani Bothwell Bridge, Juni 1679, mamia yao waliletwa Edinburgh na kufungiwa katika uwanja wa wazi kando ya makaburi. Walikaa kwa miezi, hadi Novemba, nje, chini ya ulinzi. Wengine walikufa, wengine wakaachiwa kwa kula kiapo. Waliobaki wakapakiwa kwenye meli iitwayo Crown wapelekwe uhamishoni. Desemba ikavunjika karibu na visiwa vya Orkney, wakazama takriban watu 200.

Sasa sikilizeni vizuri. Sehemu inayoitwa leo Covenanters' Prison, ile yenye lango lililofungwa na safu mbili za makaburi ya kuta, si seli zao. Makaburi yale yalijengwa karne ya 18, wao wakiwa wameshaondoka. Uwanja wao ulikuwa mkubwa zaidi na mwingi umeshajengwa juu. Mwongozaji akikuonyesha kaburi la ukuta na kusema "humu walifungwa", ujue anasimulia bila kusoma.

Halafu yule wa kaburi lenye paa la kuba, George Mackenzie. Alikuwa mwanasheria mkuu wa serikali aliyewashtaki Covenanters, alikufa 1691, akazikwa hatua chache kutoka pale walipoteseka watu aliowashtaki. Watoto wa mji walikuwa wakithubutishana kugonga mlango wa kaburi lake na kukimbia. Habari za watu kukwaruzwa na kuzimia zilianza baada ya Desemba 1998, mtu asiye na makazi alipovunja na kuingia ndani. Tangu 1999 lango la gereza linafunguliwa usiku kwa makundi yenye mwongozaji tu.

Mwaka 2003 vijana wawili waliingia katika kaburi hilohilo wakatoa fuvu. Walishtakiwa na kutiwa hatiani kwa kosa la kunajisi kaburi. Kwa hiyo usijaribu kuruka ukuta usiku. Usikae juu ya mawe ya kaburi, mengine yamepasuka na yanaweza kukuangukia. Na yule mbwa wa shaba nje ya lango, Greyfriars Bobby, msimsugue pua. Si mila ya zamani, na inaharibu sanamu.

---

Kurunzi

Mlinzi, malizia na vile vizimba vya chuma vilivyowekwa juu ya makaburi. Kila mtu anaambiwa ni vya kumzuia maiti asitoke.

---

Mlinzi wa Lango

Kinyume kabisa, Kurunzi. Ni vya kuwazuia walio hai wasiingie. Shule za udaktari za Edinburgh zilihitaji maiti za kufundishia, sheria ilitoa chache, na maiti mbichi ikawa na bei. Familia yenye uwezo iliweka kizimba juu ya kaburi kwa wiki kadhaa hadi mwili uoze usifae tena kuuzwa, kisha kizimba kikahamishiwa kaburi jingine. Biashara hiyo ilivunjwa na sheria ya anatomia ya 1832.

Na hapa ndipo Burke na Hare wanapochanganywa. Hawakuwa wafukuaji wa makaburi. Waliua watu 16 katika muda wa miezi kumi hivi, hadi Oktoba 1828, wengi wao wakiwa maskini waliopewa pombe na malazi mtaa wa West Port, wakauza miili kwa mwalimu wa anatomia, Dk. Robert Knox. Hare alitoa ushahidi akaachiwa. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 hadharani, na mifupa yake ingali katika jumba la makumbusho ya anatomia la Chuo Kikuu cha Edinburgh. Ukiambiwa walikuwa wakificha miili katika vyumba vya South Bridge, muulize kwa adabu hilo limeandikwa wapi.

---

Mpiga Miguu

Hapohapo kwenye adabu. La Mary King's Close nalo linahitaji kurekebishwa. Hadithi maarufu ni kwamba tauni ya 1645 ilipoingia, wakuu wa mji waliziba kichochoro kwa matofali, wagonjwa wakiwa hai ndani. Si kweli. Nyumba za wagonjwa zilitengwa, watu wakapelekewa chakula, na wengine walihamishiwa vibandani Burgh Muir, nje ya mji. Kichochoro kilifunikwa zaidi ya miaka mia baadaye, kwa sababu za ujenzi. Mary King mwenyewe alikuwa mjane mfanyabiashara wa miaka ya 1630.

Kile chumba chenye vidoli kimeanza 1992, mpiga ramli kutoka Japani, Aiko Gibo, aliposema amemhisi mtoto wa kike humo, akamwachia kidoli. Wageni wakafuata. Ni mila changa sana ndani ya kuta kongwe, na mwongozaji mzuri atakuambia hivyo bila kuona haya.

---

Fundi Mwanga

Nimesubiri hapa. Watu wanauliza "nitaona kitu?" Utaona. Suala ni macho yako yanafanya nini.

Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili. Za mwanga mkali zimejazana katikati, pale unapolenga. Za gizani ziko pembeni, na zinahitaji dakika 20 hadi 30 kuamka kikamilifu. Matokeo yake, kitu hafifu kinaonekana ukikitazama kwa ubavu wa jicho, na kinapotea ukigeuka kukitazama wima. Ndiyo maana mizimu mingi "inasimama pembeni na kutoweka nikigeuka".

Jaribuni kwenye chumba cha South Bridge: mwongozaji akizima tochi na kubaki mshumaa, kodolea macho mlango wa giza usiyahamishe kwa dakika nzima. Kingo za mlango zitaanza kufifia, kisha weusi wa ndani utaonekana kutembea. Kufifia huko kulielezwa na Troxler tangu 1804. Ukimkodolea mtu uso kwenye mwanga hafifu ni zaidi: uso unageuka, macho yanazama, wakati mwingine unakuwa wa mtu mwingine. Mtafiti Giovanni Caputo alilionyesha hilo mwaka 2010 kwa watu waliojitazama kwenye kioo.

Ndiyo sababu simu moja inaharibu usiku wa watu wote. Ukiwasha skrini sekunde tatu, kazi ya macho ya nusu saa imerudi nyuma, yako na ya jirani. Zima simu, si kuigeuza tu. Lazima tochi? Ya mwanga mwekundu, ukiielekeza chini.

Picha: vile vimviringo vyeupe vinavyoelea ni vumbi au matone ya mvua karibu na lenzi yaliyopigwa na flashi. Vyumba vya chini vimejaa vumbi na unyevu, kwa hiyo vitatokea tu. Zima flashi, egemeza simu ukutani, acha mwanga uingie muda mrefu. Lakini uliza ruhusa kwanza, si kila mahali panaruhusiwa. Vile vifaa vya kupimia sumaku vinavyouzwa kuwa "vinanusa mizimu" vinaitikia nyaya za umeme, na majengo yote juu yako yana nyaya.

---

Mwanafunzi wa Giza

Na kuzimia je? Na ile hali ya kifua kubanwa ghafla?

---

Fundi Mwanga

Kuzimia: simama kwenye baridi dakika ishirini, magoti umeyakaza, tumbo tupu, unapumua juujuu kwa woga. Damu inatuama miguuni, ubongo unakosa. Kula kabla, legeza magoti, badilisha mguu mara kwa mara. Ukiona nyota, chuchumaa palepale, usijikaze kisabuni.

Kifua: kuna mitetemo ya chini kuliko masikio yanavyoweza kusikia, yaani chini ya hezi 20 hivi. Vic Tandy aliandika mwaka 1998 jinsi feni iliyotetema karibu hezi 19 kwenye maabara ilivyowafanya watu wahisi ubaridi na kuona kivuli. Feni ilipotulizwa, kikaondoka. Juu ya South Bridge yanapita mabasi, na Cowgate Ijumaa na Jumamosi ina muziki wa besi hadi usiku wa manane. Sisemi mtetemo unaeleza kila kitu, ushahidi wake hauko sawa kila mahali. Ila anayetaka kutenganisha, aende Jumanne.

---

Mlinzi wa Lango

Fundi, nakubali yote, ila watu wasiende wakiwa wameshajifungia majibu. Utakosa usiku.

---

Fundi Mwanga

Mlinzi, hata mimi sitaki hivyo. Mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake walifanya jaribio katika vyumba hivyo hivyo vya South Bridge, likachapishwa 2003 pamoja na lile la kasri la Hampton Court. Watu waliripoti mambo ya ajabu zaidi katika vyumba vilevile vyenye sifa ya kuwa na mizimu. Yaani hisia si za kujitungia, chumba chenyewe kinafanya kitu. Walipopima, zikaonekana kuhusiana na ukubwa wa chumba, mwanga na mambo mengine ya kawaida ya mazingira. Kwangu hilo linaongeza hamu ya kuingia. Simama katika kila chumba, andika kichwani ulihisi nini, halafu ndipo usikilize hadithi yake. Mwongozaji akitangulia kusema "hapa watu huvutwa nguo", basi kila mtu atahisi nguo.

---

Mama Ramani

Nafasi ndani ya kundi: kaa theluthi ya mbele, upande wa kulia au kushoto wa mwongozaji. Nyuma kabisa husikii, na kwenye matembezi yenye mtu wa kushtua, ndipo anapotokea. Kama hutaki kushtuliwa, uliza kabla ya kulipa: "Kuna mwigizaji anayejificha?" Watakujibu kweli, hawataki mtu avunjike mguu kwenye ngazi.

Makundi mengi yanakutana karibu na Mercat Cross, kando ya kanisa la St Giles. Fika dakika kumi na tano kabla. Hapo jirani kuna moyo uliopangwa kwa mawe ardhini, Heart of Midlothian, palipokuwa jela ya zamani iliyobomolewa 1817. Wenyeji huutemea mate, kwa hiyo usiweke begi lako hapo.

Matembezi yanayotangazwa kuwa ya bure, mwongozaji anaishi kwa bahashishi ya mwisho. Mpe. Na chenji ukipewa noti za benki za Uskoti, ni pauni halali, ila zitumie hukohuko. Ukivuka kwenda Uingereza baadhi ya maduka husitasita kuzipokea.

---

Mwanafunzi wa Giza

La mwisho: inawezekana kujitembeza bila mwongozaji?

---

Mpiga Miguu

Ya juu, ndiyo. Anza uwanja ulio mbele ya ngome, kwenye ukuta upande wa Royal Mile utaona Witches' Well, bamba la 1894 la kukumbuka walioshtakiwa uchawi. Wengi wao walinyongwa kwanza ndipo wakachomwa. Uwanja ukiwa umefungwa kwa tamasha, anzia Lawnmarket. Teremka West Bow, mtaa alioishi Thomas Weir, mcha Mungu mashuhuri aliyekiri mambo mazito hadharani na kuuawa 1670. Mtaa unakufikisha Grassmarket, uwanja wa kunyongea, ambapo kuna kumbukumbu ya Covenanters walionyongwa. Kata Candlemaker Row kupanda hadi Greyfriars. Yote haizidi kilomita mbili, ila uhesabu saa moja na nusu ukisimama na kusoma.

Vyumba vya South Bridge, Mary King's Close na Covenanters' Prison usiku huingii peke yako. Hizo lipia mwongozaji. Ukiwa na usiku mmoja tu, fanya njia hii mwenyewe jioni, kisha ukate tiketi ya chini ya ardhi ya saa tatu, na uache nusu saa katikati ya kula kitu cha moto.